Mgonjwa wa Mtihani

"Hedhi yako ya mwisho uliiona lini?"

Daktari aliuliza bila kuinua macho, kalamu tayari mkononi. Mke wangu Bupe alinitazama mimi, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Dada, samahani, nimepewa saa moja tu. Hedhi ya mwisho?"

"Tarehe tatu."

"Ya mwezi huu?"

"Ya mwezi wa tatu."

Ilikuwa katikati ya Juni. Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikaacha njiani.

"Kwa hiyo una ujauzito," daktari alisema.

"Ninao."

"Mumeo anajua?"

"Ndo anajua sasa hivi."

Tulikuwa kwenye chuo cha taifa kinachosomesha madaktari bingwa, wa magonjwa ya ndani, wa upasuaji na wa meno. Kila Juni wanafunzi wao hufanya mtihani wa mwisho, na mtihani huo unahitaji wagonjwa wa kweli. Bupe alikuwa na mlango mmoja wa moyo uliobana tangu utotoni kwao Tukuyu. Moyo wake ulikuwa na sauti ambayo madaktari walisema hawaisikii kila siku, kwa hiyo huo ulikuwa mwaka wa nne wanamwita. Masharti yalikuwa mawili: jibu kwa ukweli kila unachoulizwa, na usimtajie mtahiniwa jina la ugonjwa.

Nyumbani Chamazi, alikofundisha chekechea, alikuwa akitamba. "Nyie mnawaona mabingwa kwenye runinga, mie ndo ninayewapasisha. Asiyesikia moyo wangu anarudi darasani."

Miaka yote alikwenda peke yake. Mwaka huo nilifunga karakana yangu ya milango nikamsindikiza, kwa sababu siku hizo alikuwa akipanda ngazi mbili anatafuta pa kukaa. Nilidhani damu imepungua. Hata pale kwenye benchi, kabla hatujaitwa, alikuwa na maneno yake. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kimbiji aliyeletwa kwa ajili ya mtihani wa meno, taya limevimba upande mmoja.

"Taya hili mwaka jana limefelisha wawili," mzee alijigamba.

"Wawili tu, baba? Basi hilo bado jipu."

Mzee alicheka huku kashika shavu. Mimi nilicheka pia. Dakika kumi baadaye nilikuwa kwenye kile chumba, nimekaa kiti cha ndugu wa mgonjwa, sicheki tena.

Mtahiniwa alikuwa dada mdogo wa miaka thelathini hivi, Dokta Lusungu. Kwenye kona alikaa profesa mwenye mvi, amenyamaza kama hayupo.

"Ulishawahi kuambiwa ufanyiwe nini?" Dokta Lusungu aliendelea.

"Upasuaji. Miaka miwili iliyopita. Niwekewe mlango wa chuma."

"Ikawaje?"

"Nilikataa. Walisema nikishawekewa nitameza dawa za kuzuia damu isigande maisha yangu yote, na dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni."

"Na kubeba mimba bila upasuaji, walikwambiaje?"

"Walisema naweza kufa."

Nilisimama. "Bupe!"

"Kaa, Leo," alisema taratibu. "Huu mtihani wa mwenzio."

Nikakaa. Daktari alimpima moyo, akamgeuza, akasikiliza mgongo, akarudia tena chini ya mbavu. Kengele ilipolia alikunja vifaa vyake. Mtahiniwa haruhusiwi kumpa mgonjwa ushauri wowote. Alifika mlangoni, akageuka.

"Profesa, naomba huyu dada asirudi nyumbani. Mapafu yake yana maji. Kama nimekosea utaratibu, mnifelishe."

"Hakuna anayekufelisha," profesa alisema, na mwenyewe akapiga simu wodini kwenye hospitali ya chuo.

Bupe alilazwa siku hiyo hiyo, Jumanne. Kesho yake asubuhi walituambia wote wawili. Mimba ilikuwa ya wiki kumi na tano. Walitaka kupitisha kimpira kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, waupanue ule mlango. Bila hivyo hatamaliza mwezi. Kuhusu mtoto, profesa hakuzunguka.

"Tutajitahidi abaki. Ahadi sina."

Alipoondoka alituachia karatasi ya kusaini. Bupe aliigeuza ikalala kifudifudi.

"Saini basi," nilimwambia.

"Hunipangii."

"Miaka miwili unanificha! Unaniambia moyo una kelele tu, kumbe kifo kipo mlangoni?"

"Na wewe ulinificha nini, Leo?"

"Mimi? Kipi?"

"Januari. Ulienda kuoga, simu ikaingia ujumbe." Alifumba macho, akausoma kutoka kichwani: "'Binti wa Demetria amemaliza kozi ya ushonaji. Huyo wako mpe mwaka huu tu. Asipozaa tunakuletea huyu.' Mama yako huyo. Wewe ukajibuje?"

Niliitazama ile karatasi.

"Jibu lako lilikuwa na maneno mawili, na yote nayajua."

"Nilimjibu 'Sawa mama' ili aniache. Bupe, nakuapia, ilikuwa basi tu."

"Mie sikujua kuwa ni basi tu. Nilijua nina mwaka mmoja."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani. Nilimshika Bupe mkono. Ulikuwa wa baridi, kucha zimeanza kuwa bluu.

"Nikutake wewe au nitake mtoto?" nilisema. "Nakutaka wewe."

"Usiniambie mie. Mwambie mama yako. Mpigie hapa hapa, weka sauti kubwa nisikie. Mwambie huoi mwingine, hata nikitoka humu mikono mitupu. Nikisikia, nasaini."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ilikuwa na chaji na salio. Nataka hilo lijulikane.

"Mama haambiwi hivyo kwa simu," nilimjibu. "Kwetu neno la kumkatalia mzazi linapita kwa mjomba. Naenda Tandale sasa hivi."

"Leo, mimi sina pumzi za kungoja mjomba."

"Kesho tu. Nakuomba."

Mjomba Deogratias anauza mchele sokoni Tandale. Nilimkuta juu ya magunia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa. Mbona uso huo?"

Nilimweleza. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa.

"Umefanya vyema kuja. Dada yangu si mtu wa kuambiwa hapana na mtoto aliyemzaa, atasema umemtukana kwa sababu ya mwanamke. Niachie mie. Gari la mzigo likishashusha, nitatulia nimpigie kwa adabu."

Gari halikuja siku hiyo. Alhamisi nilirudi tena, nikamkuta anashusha. Bupe alinitumia ujumbe nikiwa palepale sokoni.

"Umeshampigia?"

"Mjomba analishughulikia," nilimwandikia.

"Sijaolewa na mjomba wako."

Nilitabasamu. Niliona bado ana utani, nikajua bado ana nguvu. Jioni nilimpelekea uji, akanywa vijiko vitatu, hakuniuliza tena. Karatasi bado ilikuwa kifudifudi juu ya kabati.

Ijumaa mchana nilikuwa Tandale kwa mara ya tatu, mjomba ananawa mikono ili hatimaye apige, ndipo simu yangu ikaita. Alikuwa Dokta Lusungu, ambaye siku hizo alikuwa zamu wodini.

"Shemeji, uko wapi? Njoo haraka."

Kitanda kilikuwa kitupu. Walikuwa wamempeleka chumba cha wagonjwa mahututi, mpira mdomoni, mashine inampumulia. Dokta Lusungu alinikuta mlangoni. Alikuwa amefaulu mtihani wake, nilisikia wauguzi wakimpongeza. Yeye hakuonekana kufurahi.

"Maji yalianza kuongezeka alfajiri, mchana huu yakazidi. Sasa presha imeshuka mno, hatuwezi hata kuugusa huo mlango."

"Alisaini?"

Alitikisa kichwa.

"Saa kumi na moja alfajiri nilimpelekea karatasi tena kwa mkono wangu. Alisema anasubiri simu."

Niliingia. Muuguzi aliniambia niongee naye, huenda anasikia. Nilitoa simu, nikampigia mama kule Newala, nikaweka sauti kubwa. Mjomba sikumkumbuka kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Mama, mie sitaoa mwingine. Bupe azae, asizae, mke wangu ni huyu."

Nilisikia kuku wa mama wakilia kwa mbali.

"Ndiyo hilo tu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Alitaka nikuambie Jumatano. Nilimtafuta mjomba akuambie kwa heshima. Bupe anaumwa sana, ana mimba, alikuwa hasaini matibabu mpaka asikie nimekuambia."

"Jumatano?" Sauti yake ilipanda. "Mtoto wa watu anakata roho, wewe unazunguka Tandale kumtafuta kaka yangu? Si ungenipigia, Leonardi! Mie nilisema yale nikijua kama hutaki, mwenyewe utakataa. Ukajibu sawa. Mie ningejuaje?"

Nilivuta kiti karibu na kitanda.

"Mwekee simu sikioni."

Nilimwekea.

"Bupe, mwanangu. Mie mama yake Leo. Hakuna binti anayekuja. Umesikia? Hakuna. Wape mkono wako wakutibu, mama."

Aliyasema hayo mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Kifua cha Bupe kilipanda na kushuka kwa kipimo cha mashine, sawasawa, hakikubadilika kwa jina lake wala langu. Muuguzi akanigusa bega.

Alifariki Jumamosi saa nne asubuhi, na mtoto naye.

Mama alifika Jumapili kwa basi, begi moja tu kichwani. Hakunisema mbele ya watu na hakunipa pole. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake waliotoka Tukuyu, upande wa ndugu wa marehemu, si upande wetu. Mjomba alimwita ahamie kwetu, akakataa. Kila aliyeingia kutoa pole, mama alimshika mkono akamwambia, "Bupe ndiye mkwe wangu. Mwingine sina."