Maji ya Pasi

Nguo ikishapigwa pasi hairudi kuwa mbichi yenyewe. Hilo hata paka wa dobi analijua. Sasa niambie, shati jeupe la mteja, limenyooshwa jana, limetundikwa kwenye chumba kilichofungwa, asubuhi linakutwaje na alama ya maji begani, vidole vitano vimekaa sawasawa, kama mtu amelisogeza pembeni ili apite?

Mama Kidoti alilitazama, akamwita mumewe kwa sauti ya chini.

"Baba Kidoti, umeshika hili shati na mikono ya maji?"

"Mimi? Si nimeamka sasa hivi!"

"Basi nani?"

"Paa hilo linavuja."

Halikuvuja. Lakini huyo ndiye dobi wetu, jambo lolote linalonukia gharama kwake ni dogo mpaka limuangukie kichwani. Wateja walimwita Birika, kwa ule mkono wake wa birika usiotoa kitu. Hakukasirika. Alisema bora birika kuliko chujio.

Lakini turudi nyuma kidogo, kabla ya shati hilo. Nyumba yao mbele ilikuwa duka la dobi, nyuma chumba cha kulala, katikati pazia. Msimu wa mvua nguo zilianikwa ndani, kamba juu ya kamba, na ukuta wa nyuma ya kitanda ukawa unatoka jasho. Kuvu jeusi lilikuwa limepanda mpaka darini. Kitandani hapo alilala Kidoti, mtoto wao wa pekee, mwenye doa dogo shavuni na pumu iliyomfanya apumue kwa filimbi. Daktari hakuuma maneno. Alimwambia mama kwamba chumba kisipokauka, kifua hicho hakitaumaliza msimu. Maneno hayo mama alitembea nayo, akala nayo, akalala nayo.

Akamwita kaka yake, fundi wa viyoyozi. Fundi akaingia, akakitazama kiyoyozi kikuukuu kilichoachwa na mpangaji wa zamani, akaangua kicheko.

"Shemeji, hili dude ni la ukumbi wa harusi! Chumba kidogo namna hii linakipoza mara moja, linajizima kabla halijakamua maji hewani. Mnabaki na baridi na unyevu juu yake. Humu mnalala kaburini."

"Kaka, maneno hayo yaache mlangoni," dada yake akamkata.

Kesho yake fundi akaleta mashine ya kukausha hewa, ya kwake mwenyewe, akawaazima. Kazi yake nyepesi: inavuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, maji yanadondokea kwenye ndoo iliyo tumboni mwake. Ndoo ikijaa, mashine inalia, unamwaga. Akatundika ukutani na kipimo cha unyevu, kisahani chenye sindano.

"Sindano ikishuka hapa katikati," alisema, "mpwa wangu atapumua kama watu."

Na kweli, Kidoti akaanza kupumua. Filimbi ikanyamaza kifuani, kuvu likabanduka ukutani maganda maganda, na mama akacheka tena, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau. Tatizo lilikuwa maji. Ndoo ilijaa kabla ya chakula cha mchana, ikamwagwa, ikajaa tena kabla ya magharibi, na maji yenyewe yalinuka nguo iliyosahaulika kwenye beseni, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizolowa. Fundi alipoulizwa alisema ukuta unatapika ulichokunywa miaka yote, msiwe na wasiwasi.

Wasiwasi ulikuja na lile shati, kisha na mlio. Mashine ilianza kumeza. Katikati ya mngurumo wake ilisimama, ikafanya *gwi*, kama koo la mtu mwenye kiu, kisha ikaendelea.

"Mama," Kidoti akasema siku moja mchana, anachora sakafuni, hata hakuinua uso. "Anasema mnamkosea."

"Nani huyo?"

"Wa ukutani. Anasema sasa hivi nusu yake iko ukutani, nusu iko kwenye ndoo. Amekasirika sana."

Mama Kidoti aliinuka. Aliichomoa ndoo aende kuimwaga kwenye mfereji wa mbele ya duka, na alipoinamisha, maji hayakumwagika. Yalijikunja yakang'ang'ania ukingo, yakatoka polepole kama uji mzito, na katika yale yaliyobaki chini akauona uso wake, na nyuma ya uso wake akauona mwingine, mrefu, umelowa, nywele zimegandamana kwenye macho, na ule uso haukuwa unatazama juu kama kivuli kinavyotazama bali ulikuwa umegeuka pembeni, unachungulia mlangoni, kule alikokuwa amemwacha mtoto.

"Nirudishe," ulisema. "Au nitajitafutia pa kukaa."

Aliitupa ndoo. Hakurudi ndani kwanza. Alikimbia, kanga begani, moja kwa moja kwa shangazi wa Birika.

Shangazi alikuwa mganga, mwenye mdomo usio na breki. Aliingia, akanusa, akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Birika wewe, umefuga jini kwa bei ya umeme?"

"Shangazi, usitutishe."

"Nikutishe nini, mjinga? Huyu ni jini wa unyevu. Amekaa ukuta huu kabla hujazaliwa. Alikuwa ametawanyika, tone huku tone kule, nguvu yake ni kukohoza watu tu. Nyie mkamkamua, mkamkusanya pamoja. Sasa ana uso." Akashusha sauti. "Lakini aliyekusanyika anamwagika. Tumvute wote, tumtupe kwenye maji yanayokimbia, asibaki hata tone. Likibaki tone moja, msiniite tena. Neno la kumtoa ni moja tu, halirudiwi." Akamkazia macho Birika. "Maji ya kila siku mmekuwa mkimwaga wapi?"

"Mferejini, shangazi."

"Yote?"

Birika alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi, anakunja shati ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

"Yote?" shangazi akarudia.

"Yote."

Basi wakafunga dirisha. Shangazi akaketi mbele ya mashine, akaanza kusema maneno yake polepole, na mashine ikaanza kutetemeka, ikahama mahali pake, ikapiga kelele ambayo si ya chuma, na ukutani mikwaruzo ikashuka kutoka darini, ikapita nyuma ya kitanda, ikapita chini ya sakafu, na Mama Kidoti akamkumbatia mtoto wake akamziba masikio kwa nguvu mpaka mtoto akalia, na harufu ya nywele zilizolowa ikajaa chumba mpaka wakawa wanaionja ulimini, na ndoo ikajaa maji meusi mpaka juu. Shangazi akaichomoa kwa mikono yake, akaimimina mferejini ambako mvua ilikuwa inakimbiza maji, na kitu kikapiga yowe kikienda nalo mtaa mzima.

Kimya. Sindano ikashuka, ikapita katikati, ikalala chini kabisa. Mama Kidoti aliangua kilio cha furaha. Birika akasema alijua tu litakwisha.

Asubuhi, fundi alikuja kuchukua mashine yake. Akaikuta inanguruma, ndoo imefika nusu.

"Haiwezekani," alisema. "Humu ndani pamekauka kama kijaluba cha ugoro. Haya maji yanatoka wapi?"

Akakibandua kipimo ukutani, akazunguka nacho. Ukuta mkavu. Godoro kavu. Sakafu kavu. Kidoti akatoka nyuma ya pazia, gauni lake limenyooshwa safi, mikunjo imesimama, na sindano ikaruka mkononi mwa fundi. Alipokisogeza kipimo karibu na mdomo wa mtoto, sindano ikazunguka mpaka mwisho, ikagonga.

Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka. Ngozi ya mikono ilikuwa imekunjamana.

"Mama," alisema, "kiu."

Mama Kidoti hakumtazama mtoto. Alilitazama gauni, akaitazama pasi ya mvuke, akaliona galoni lililofichwa nyuma ya meza.

"Baba Kidoti. Maji ya pasi unayatoa wapi?"

Birika alilisukuma galoni nyuma zaidi kwa mguu.

"Nakuuliza!"

"Yalikuwa maji safi tu ya ndoo ya mashine, Mama Kidoti. Hayana chumvi, hayaachi magamba kwenye pasi. Nikaona kuyamwaga ni kufuru."

"Nguo za mtoto umenyoosha kwa maji gani?"

"Kwa hayo hayo. Zote. Na yeye alikuwa hapa mezani, anapenda kuuchezea ule mvuke, anauvuta..."

Mashine ikafanya *gwi*. Maji yakapanda ndani ya ndoo, na shavu la Kidoti, lile lenye doa, likaingia ndani wakiliangalia.

"Izime!" fundi akapiga kelele. "Dada, inamkausha mtoto! Izime!"

Mkono wa mama ulikuwa tayari kwenye swichi. Hapo ndipo mdomo wa mwanawe ulipofunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya ndooni, ya upole, karibu na sikio lake.

"Ukiizima, nabaki. Ukiiacha, tunaondoka wote wawili. Chagua, mama."

Alimtazama mumewe. Birika alikuwa ameketi chini, galoni tupu mapajani, analia kama aliyefiwa.

Mama Kidoti akaizima.

Shavu likajaa tena. Midomo ikalainika, rangi ikarudi, na mtoto akapumua, pumzi ndefu, nzuri, bila filimbi hata kidogo, pumzi aliyoiombea tangu mvua zianze. Mama akampokea mikononi akamkandamiza kifuani, na alipomweka chini, kanga yake ilikuwa imelowa begani, vidole vitano, virefu kuliko vya mtoto.