Mkalimani wa Bibi Hajira

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Kisarawe, Mwanakheri alikuwa amekwisha kufagia uwanja, ameosha masufuria na yuko bombani na ndoo yake. Mama yake aliamini kuwa hakuna mtoto mwenye bidii kumshinda mtaani. Bidii alikuwa nayo, hatukatai, lakini kilichomvuta bombani hasa kilikuwa maneno. Pale ndipo ungejua nani kaposwa, nani kapata kazi ya kiwandani Kwala, na mbuzi wa nani kala mihogo ya nani. Mwanakheri alikuwa na miaka kumi na miwili, na masikio yake hayakujua likizo.

Akitoka bombani hunywa uji, huvaa sare, huyoo shuleni. Jumatano moja, kipindi cha pili, Mwalimu Limbu aliingia darasa la sita huku akitabasamu. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, Msukuma mrefu aliyelazimika kuinama kidogo mlangoni. Kabla hajahamia hapo, Kiingereza kilikuwa kunakili ubaoni mpaka vidole vikakamae. Yeye akaleta miradi. Siku moja walipika chai darasani, na kila hatua waliitaja kwa Kiingereza. Safari hii kila wanafunzi wawili walipangiwa mtu mmoja wa mtaani anayefanya kazi ya mikono. Wamtembelee siku tatu, wamhoji kwa Kiswahili, waishike kazi yake, halafu waandike habari zake kwa Kiingereza kwenye bango lenye michoro.

"Mabango yenu nimeyapokea," alisema Mwalimu Limbu. "Keshokutwa, Ijumaa, wenzenu wa Kibaha wanakuja kuyatazama. Na nina jambo jingine. Wale mliowahoji nimewaalika wote. Watakaa kando ya mabango. Wageni watawauliza maswali kwa Kiingereza, na ninyi ndio mtakaokuwa wakalimani."

Darasa zima likapiga makofi. Mwanakheri peke yake hakupiga.

"Mwalimu Mkuu naye atapita kila bango," Mwalimu Limbu aliendelea, sauti imeshuka kidogo. "Wapo wazazi waliomlalamikia kwamba nawazurulisha watoto wao badala ya kuwafundisha. Ijumaa ataamua kama tuendelee na miradi au turudi kunakili. Mimi sina wasiwasi. Ninawajua."

Ashrafu, mwenzake Mwanakheri katika mradi, akampiga kiwiko. "Sisi tushapita, shosti. Bango letu ndilo kali kuliko yote!"

Mwanakheri akajaribu kucheka. Kicheko kikakataa.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kukanyaga kwa Bibi Hajira, mfuma mikeka waliyepangiwa. Ashrafu alikuwa amechomwa na msumari mguuni, hawezi kupanda kilima, kwa hiyo walikubaliana yeye achore na Mwanakheri akahoji. Lakini wiki ile nyumbani kwao kulikuwa na harusi ya dada yake mkubwa. Mashangazi walijaa mpaka ukumbini, vitunguu vinamenywa, siri zinamwagwa. Nani angeondoka pale kwenda kumsikiliza bibi kizee? Siku ya kwanza alisema nitakwenda kesho. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Naila, binti wa mama yake mkubwa, akamwambia, "Hilo tu? Lete simu." Wakaiuliza simu, na simu ikaandika ukurasa mzima wa Kiingereza kilichonyooka kama rula. Ilieleza mtambo wa kufumia wenye kanyagio mbili za miguu. Ashrafu akauchora huo mtambo, kanyagio zote mbili, akaupaka rangi mpaka ukapendeza.

Jioni ile Mwanakheri hakumaliza hata nusu ya ugali wake.

"Una nini?" mama akauliza.

"Tumbo."

Mama akachemsha mwarobaini, akasimama mbele yake mpaka kikombe kizima kikaisha. Mwanakheri alikunja uso huku akipiga hesabu. Akiumwa hadi Ijumaa, hatakwenda shule. Lakini asipokwenda, Ashrafu atabaki peke yake kando ya bango, Bibi Hajira ameketi hapo, na wageni wanamwuliza kuhusu mtambo ambao bibi wa watu hajawahi kuuona. Mwalimu Mkuu naye yupo. Uchungu wa mwarobaini ukawa nafuu kuliko mawazo hayo.

Alhamisi, baada ya masomo, akapanda kilima.

Bibi Hajira alikuwa barazani, miguu ameinyoosha, ukili, ule msuko mrefu wa kushonea mkeka, unamshuka mapajani kama nyoka wa rangi tatu.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu! Karibu, karibu." Bibi akainua macho, akamtazama sana. Hakutabasamu. "Hebu sogea. Wewe ndiye Mwanakheri?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Alhamdulillahi, umekuja. Hebu niambie, ulikuja hapa wiki iliyopita?"

Bibi akachomoa bahasha chini ya mkeka. "Mwalimu wenu kaniletea barua juzi. Mwanangu Mwamini kanisomea. Inasema, ahsante kwa kuwapokea wanafunzi wetu, Mwanakheri na Ashrafu, siku tatu. Nikamwambia Mwamini, mbona sikupokea mtu? Akasema, mama, wamekuja, umesahau. Usiku mzima sikulala, mjukuu wangu. Jana nilitaka kwenda gengeni, Mwamini kanizuia. Anasema nitapotea njia. Marehemu mama yangu alianza hivihivi, akaishia kutomjua hata mtoto aliyemzaa."

Akairudisha bahasha chini ya mkeka, akaichomoa tena.

Mwanakheri alikuwa amefikiria aibu, fimbo na kuchekwa. Hili hakulifikiria. Akapiga magoti hapohapo.

"Bibi, hujasahau kitu. Sikuja. Sikuja hata siku moja. Nilidanganya shuleni."

Kuku wakapita kati yao.

"Hukuja?"

"Sikuja, bibi. Nisamehe."

"Lo!" Bibi akashusha pumzi ndefu, halafu uso ukabadilika, akamfyatulia kibao kidogo cha bega. "Mtoto mchawi wewe! Umenizeesha miaka kumi kwa siku mbili! Kaa hapo. Si unaona majani yale ya ukindu? Yachane. Mkalimani wangu kesho hawezi kuwa mtu asiyejua hata kuchana ukindu."

Mwanakheri akakaa. Akachana mpaka vidole vikamuuma. Akajifunza kwamba ukindu huanikwa, huchanwa, huchemshwa na rangi. Kwamba kwanza husukwa ukili mrefu, halafu ndipo ukili hushonwa kwa sindano ukawa mkeka. Hakuna mtambo. Kuna vidole, magoti na subira. Akauliza maswali ishirini na kuyaandika yote kwenye daftari. Jua lilipokaribia kuzama, bibi alikuwa amekwisha kumsimulia mikeka ya maharusi wote wa mtaa, nani alilipa na nani alikimbia. Mwanakheri akashangaa: umbea wote huu ulikuwa hapa, na yeye aliukwepa!

Njiani akapita kwa Ashrafu, akamweleza. Ashrafu akamtazama kama hamjui.

"Umenichoresha uongo," alisema. "Kanyagio mbili, Mwanakheri! Nimezipaka rangi siku nzima." Akaingia ndani, hakumuaga.

Ijumaa asubuhi Mwanakheri hakwenda bombani. Alikwenda moja kwa moja shuleni, akamkuta Mwalimu Limbu anapanga madawati nje. Akasema yote, haraka haraka, asije akapata nafasi ya kubadili nia.

Mwalimu akaweka dawati chini. "Nilijiuliza. Ukurasa mzima, hakuna kosa hata moja. Nikasema, labda safari hii kajitahidi." Akaangalia barabarani. "Wageni wamebakiza saa moja kufika."

"Nitolewe, mwalimu. Ashrafu hana kosa."

"Ukitolewa, Bibi Hajira atakalimaniwa na nani? Mimi sijui hata ukindu unafananaje." Akaingia darasani, akarudi na bango, akalikunja. "Hili haliwekwi. Mtasimama pale bila bango, na Kiingereza mlicho nacho. Mwalimu Mkuu nitamwambia mwenyewe."

Ashrafu alikuja akiwa amenuna, lakini alikuja, na mkononi alikuwa na karatasi mpya. Alikuwa amechora upya kwa penseli tu: mikono miwili na ukili. "Mikono ya bibi yangu," alinong'ona. "Naye alikuwa mfumaji. Usiniongeleshe kwanza."

Basi la Kibaha likafika. Wageni wakamwagika uwanjani na sare zao safi. Bibi Hajira alikuwa ameketi kitini, kanga mpya, Mwamini kamshika mkono kama mtoto. Alipomwona Mwalimu Limbu akapaza sauti, "Mtani wangu Msukuma! Mlileta ng'ombe wakala mihogo yetu, sasa mmeleta na Kiingereza?"

"Mihogo yenyewe mlikuwa mmeshaimaliza ninyi Wazaramo, bibi!" akajibu mwalimu. Watu wakacheka. Mwanakheri peke yake hakucheka.

Mgeni wa kwanza aliuliza polepole, "What is this made of?"

Mwanakheri akamgeukia bibi, akarudi kwa mgeni. Neno la ukindu kwa Kiingereza hakulijua. Nyuma ya wageni akamwona Mwalimu Mkuu amesimama, mikono nyuma. Akachukua jani, akaonyesha mti kwa mikono yake, akasema kwa Kiingereza kuwa ni jani la mti mdogo unaokua karibu na maji, na kwamba tunalichana hivi. Akalichana. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akataka kuchana naye. Ashrafu akampa jani. Mara wakawa watatu, mara saba, kila mmoja na swali lake. Mwanakheri alikosea, akarudia, akakosea tena, lakini kila alichokisema alikuwa amekishika kwa mikono yake jana.

Mwalimu Mkuu akasogea. Akauliza, kwa Kiingereza, mkeka mmoja huchukua siku ngapi.

Bibi akaeleza: wageni wakiwa wengi ni mwezi, wakiwa wachache wiki mbili, na mwaka ule alipougua goti mkeka mmoja ulikula Ramadhani nzima, na aliyeuagiza alikuwa mkorofi ajabu.

"Two weeks," akasema Mwanakheri. "Sometimes one month."

Bibi akamkazia macho. "Mimi nimesema maneno mia, wewe umesema matano. Mengine umeyapeleka wapi?"

Kicheko kikalipuka, na Mwalimu Mkuu naye akacheka mpaka akavua miwani. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda bango la pili.

Saa hizo zilikuwa ndefu kwa Mwanakheri kuliko mwaka mzima. Basi la wageni lilipoondoka, Mwalimu Mkuu akawaita watoto na wazee.

"Miradi itaendelea," alisema. Makelele yakaanza, akainua mkono. "Ila kuanzia sasa mwalimu atapita kwa kila mnayemhoji, ahakikishe mmefika. Na Mwanakheri na Ashrafu, bango lile ni sifuri. Alama zenu ni za leo tu."

Mwanakheri alijua deni kubwa bado. Akaenda mbele ya Mwamini, wanafunzi wote wakimwangalia.

"Bi Mwamini, bibi hakusahau. Mimi ndiye sikuja kwake. Barua ilikosea kwa sababu yangu."

Mwamini akamtazama, akamgeukia mama yake. Machozi yakamlengalenga. "Mama, nami nikakukatalia kwenda gengeni!"

"Ndiyo, na leo nitakwenda peke yangu," akasema Bibi Hajira, akasimama bila kushikwa. "Asinifuate mtu."

Walimtazama akivuka uwanja mpaka getini. Mwalimu Limbu akawageukia wanafunzi wake.

"Mmesikia Kiingereza cha Mwanakheri leo? Kilichechemea. Kiingereza kinachochechemea lakini kimebeba ukweli, nitakinyoosha, ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Kile kilichonyooka lakini kimebeba uongo, nikishike wapi? Na msidhani uongo wa kazi ya shule unaishia kwenye daftari. Huu ulitoka shuleni, ukapanda kilima, ukamnyima usingizi mtu mzima asiye na kosa. Mkipewa kazi, ifanyeni. Mkishindwa, semeni mapema, kabla madhara hayajamfika mwingine."

"Ndiyo, mwalimu," wakaitikia.

Mwanakheri aliitikia kwa sauti ya chini kuliko wote. Kisha akainama, akaanza kuokota vipande vya ukindu vilivyotapakaa chini. Baada ya muda Ashrafu akainama upande wa pili, akaokota naye.