Kibodi ya Kidole

Ilipaswa kuwaka nyekundu. Mchapaji alilijua hilo vizuri, maana mdogo wake alishamchosha masikio kwa kumweleza kwamba kibodi za gemu za aina ile hazina akili zao wenyewe. Rangi za taa, kazi ya vitufe vya pembeni, hata wepesi wa kipanya chake, vyote hupangwa na programu iliyomo ndani ya kompyuta. Ukiichomeka pasipo na programu hiyo, inabaki nyekundu tupu kama jiko la umeme.

Alasiri ile aliichomeka kwenye kompyuta yake ya kazi, ambayo haijawahi kuwekewa programu hiyo hata siku moja. Taa zikaanza kijani upande wa kushoto, zikatambaa taratibu hadi kulia, zikageuka samawati, zikarudi. Vilevile alivyozipanga Kidole.

Kidole ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimwita mdogo wake, kwa wepesi wa mkono wake kwenye gemu. Figo zilimwondoa miezi mitano kabla, akiwa na miaka ishirini na miwili. Mchapaji, dada yake, aliyeishi na mama yao na kuendesha maisha kwa kuchapa nyaraka za mawakili, asingeigusa kibodi ile kama yake isingeingiwa na chai.

Kesho yake alimwita fundi kompyuta, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Fundi akaigeuza kibodi juu chini, akapekua mashine nzima, akajikuna shingo.

"Dada, hii haihifadhi kitu ndani yake. Mipangilio yote iko kwenye kompyuta ya Kidole."

"Ile haijawashwa tangu tulipomzika."

"Ndiyo hapo sasa."

"Basi hizi rangi zinatoka wapi?"

"Sijui. Na ujue kwa fundi kutamka hivyo, mambo yamemfika." Alinusa hewa. "Nani kajipaka dawa ya kuchua?"

Hakuna aliyejipaka. Lakini Mchapaji naye aliisikia ile harufu kali ya mnanaa, dawa ambayo mama yao alikuwa akimkanda nayo Kidole miguu ilipoanza kuvimba. Chupa yake walishaitupa.

Siku ya tatu alikuwa katikati ya hati ya kiapo, mikono yake ikiwa mapajani akisoma karatasi ya wakili, maneno yalipojiandika yenyewe kwenye kioo: Nakuja mama, dakika mbili.

Aliijua sentensi ile. Kidole aliitega kwenye kitufe kimoja cha pembeni, ili mama akimwandikia ujumbe kwamba chakula kiko tayari, yeye abonyeze mara moja tu na aendelee na mchezo wake. Mama alikuwa akilalamika kwamba amezaa mtoto anayemjibu kwa mashine, huku anacheka.

Sasa mama alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa ameshaisoma.

"Usiifute," alisema kwa sauti ndogo.

"Mama, hii si..."

"Nimesema usiifute."

Usiku huo Mchapaji alichomoa kibodi na kipanya chake, akavifungia kabatini chini ya mashuka. Akaazima kibodi kwa jirani, akaendelea na kazi. Wiki nzima ilipita kimya. Mama tu ndiye aliyekuwa akibadilika: sahani yake ilirudi jikoni ilivyotoka, mashavu yalimwingia, na akiulizwa anajibu baada ya kitambo, kama mtu aliyekuwa akimsikiliza mwingine.

Mchana mmoja Mchapaji alirudi mapema kutoka kwa wakili, jua likiwa la utosi na watoto wakipiga kelele barabarani, akakuta mapazia ya chumba cha marehemu yamefungwa na harufu ya mnanaa imejaa ukumbini hadi inachoma macho, akasikia tak, tak, tak, polepole, kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja, akasukuma mlango, na pale akamwona mama yake ameketi mbele ya kibodi ambayo waya wake ulining'inia hewani bila kuchomekwa popote, taa zikitambaa kijani na samawati usoni mwake, kiganja chake kikiwa kimefunika kipanya kama anavyoshikwa mtoto mkono, na vitufe vilikuwa vinazama vyenyewe, kimoja baada ya kingine, naye mama anavisoma kwa mnong'ono, herufi kwa herufi, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"B... A... R... I... D... I." Aligeuka. "Ana baridi mwenzio. Anasema nimfuate."

Mchapaji alikiondoa kile kiganja kwa nguvu. Kipanya kilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Waliyemwita alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la miwani, watu wakimwita Mama Miwani, anayejulikana pia kwa kusemezana na viumbe wasioonekana. Alikuja mchana uleule, akavua viatu mlangoni. Hakuwasha kitu wala kumwaga kitu. Aliitazama kibodi kwa muda mrefu.

"Huyu ni jini asiye na sura yake," alisema. "Anavaa kilichoachwa. Amekuta mipangilio ya kijana, rangi zake, neno lake, akavivaa kama shati. Mimi siwezi kumtoa, kwa sababu si mimi niliyemkaribisha."

"Amtoe nani?" aliuliza Mchapaji.

Mama Miwani alimgeukia mama. "Dada yangu, unajua huyu si mwanao?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Nilijua siku ya pili tu tangu niitoe kabatini kwa siri. Nilimwuliza jina nililokuwa namwita alipokuwa mchanga. Hakulijua." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Lakini ananijibu. Wengine humu mnanionea huruma tu. Yeye ananijibu."

Mchapaji alijisikia kama amepigwa kofi. Kwa miezi mitano hakuwa amelitaja jina la Kidole mbele ya mama yake, akidhani anamhifadhi.

"Mwambie ukweli," alisema Mama Miwani. "Kwa kinywa chako."

Vitufe vilianza kuzama haraka haraka, na mama alivisoma bila kutaka. MAMA USINIFUNGIE NJE. MAMA. MAMA. MAMA. Mchapaji akamshika bega. Mama akavuta pumzi.

"Mwanangu amekufa," alisema. Tangu msibani hakuwahi kulitamka neno hilo. "Nilimfumba macho kwa mkono wangu huu. Wewe si yeye. Toka nyumbani kwangu."

Taa zikasita katikati ya safari yao. Zikageuka nyekundu, kisha zikazimika. Vitufe vyote vikaruka juu kwa pamoja, mshindo wake kama maharage yanayomwagwa sakafuni. Harufu ikakatika, chumba kikabaki na vumbi lake tu, na ndipo mama alipopiga kelele, kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka.

Siku chache baadaye alianza kula. Alimsimulia binti yake mambo ya Kidole usiku na mchana, naye binti akasikiliza na kusimulia yake. Jioni moja walikuwa wanakunja nguo kitandani, mama akasimama na taulo mkononi.

"Yule alisema ana baridi."

"Alikuwa anakudanganya, mama."

"Labda." Alilikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Lakini hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Kidole hakuwa ameliandika lile neno popote. Hilo lilikuwa lake mwenyewe."

Mchapaji alivuta shuka kutoka kwenye rundo la nguo.

"Nilimfukuza vizuri, najua," mama alisema. "Ila sasa atamwita nani mama?"

Mama aliweka taulo chini, akachukua ncha ya pili ya shuka, wakalinyoosha pamoja, na wote wawili wakajikuta wanasikiliza upande wa chumba cha Kidole.