Nyota za Mkono wa Kushoto

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Kila siku nikitoka shuleni nilivua sare, nikala ugali uliofunikwa kwa sahani, kisha nikashuka bondeni na dumu kuchota maji kwa jirani mwenye kisima. Goba, tunakoishi, ni vilima vitupu, kwa hiyo kushuka ni kazi ya magoti na kupanda ni kazi ya kifua. Nikifika juu nilimkuta mama kibarazani, miguu ameinyoosha mkekani, uzi mweupe umelala mapajani mwake.

"Koku, umemwaga nusu njiani?" aliuliza bila kuinua macho.

"Sijamwaga, mama. Dumu ndilo dogo."

"Limepungua tangu jana?"

Jina langu kamili ni Kokushubila, ila nyumbani na mtaani wananiita Koku. Mama aliitwa Bernadeta. Kuanzia mwezi wa saba alikuwa akifuma nyota za kupamba mti wa Krismasi wa jumuiya yetu ya kanisa, nyota moja kwa kila nyumba. Alifuma kwa kulabu, ile sindano fupi yenye ncha iliyopinda, na aliishika kwa mkono wa kushoto. Alikula kwa kulia kwa sababu bibi alimkanya tangu utotoni kule Bukoba, lakini kwenye kulabu bibi alishindwa. Nyota zikitimia alizichovya kwenye uji mwepesi wa unga wa muhogo, akazibana kwa pini juu ya kipande cha godoro, akazianika mpaka zikakakamaa.

Jumuiya ilikuwa na utaratibu wake. Nyumba iliyofiwa mwaka huo haikufumiwa nyota. Ilifuma yake yenyewe. Awe anajua au hajui, mtu mmoja wa nyumba ile alikuja kuketi na mama kibarazani mpaka nyota itimie. Mama alisema mikono ya mfiwa isipopewa kazi hushika kichwa kutwa nzima. Nilimwona Mzee Gaspar, mwenyekiti wetu wa jumuiya, fundi mwashi mwenye vidole kama mihogo, akifuma nyota ya marehemu mkewe kwa wiki mbili, akitokwa jasho kuliko anapobeba tofali.

Mwezi wa nane mama aliugua figo. Miguu ilivimba, kisha mikono. Siku moja alijaribu kushika kulabu ikamponyoka, akaitazama pale chini kwa muda mrefu.

"Koku," aliniita, "njoo ukae mbele yangu. Usikae ubavuni. Mie ni wa kushoto na wewe ni wa kulia, kwa hiyo niige kama unavyojitazama kwenye kioo."

Alinifundisha kitanzi cha kwanza, mnyororo, na duara la katikati. Kisha akasema, "Kila siku nifumie nyota moja, uniletee kitandani niishike. Ukifikisha ishirini utakuwa fundi, na mie nitalala nikijua jumuiya ina mtu."

Siku ya kwanza uzi ulijifunga mafundo. Siku ya pili nilipata kitu kama sikio la mbuzi. Siku ya tatu rafiki yangu Hope alisimama nje na mpira wa soksi mkononi.

"We Koku, sie tunakusubiri kwenye rede. Kila siku nyota, nyota. Utazeeka kabla ya mama yako."

Niliona aibu, nikaona na uvivu. Mama alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye nyota kumi na tatu alizofuma kabla mikono haijavimba. Zilikuwa laini, hazijachovywa kwenye uji. Nilicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka jioni, kisha nikatoa moja mfukoni nikampelekea.

Aliishika. Alipitisha kidole gumba ukingoni, polepole, mkono mmoja wa nyota baada ya mwingine.

"Umefuma leo?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri," alisema, akaiweka chini ya mto.

Kesho yake nilimpelekea nyingine, na keshokutwa nyingine. Baba, karani wa ghala, akirudi kutoka kazini na kuniona naingia chumbani na nyota mkononi, alitabasamu. Siku ya nane mama aliniuliza, "Vidole havikuumi, mwanangu?"

"Nimeshazoea, mama."

Siku ya kumi alisema, "Leo fumia hapa kitandani. Sitasema kitu. Nataka kukutazama tu."

Nikasema nina kazi ya shule. Akanitazama, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo.

"Haya, Koku. Ukimaliza, mlango uko wazi."

Siku ya kumi na nne walimpeleka hospitali. Hakurudi nyumbani. Tulimzika mwanzoni mwa mwezi wa kumi.

Baada ya matanga, mama mdogo Yustina, mdogo wake mama, alihama Temeke akaja kukaa nasi. Nyumba ikawa na mtu wa kupika, lakini kibarazani hakukaa mtu. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja jumuiya ilisali kwetu. Baada ya sala Mzee Gaspar alikohoa kidogo.

"Baba Koku, kuna jambo la nyota. Nyumba nyingine tutatumia zile za zamani, tunazo kwenye boksi. Ila ya Bernadeta ni lazima iwe mpya, na itoke hapa. Yeye ndiye aliyetuwekea utaratibu huu. Sijui nani atafuma."

"Koku atafuma," baba alijibu. Sauti yake ilikuwa na nguvu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Mama yake alimfundisha. Kila jioni nilimwona akimpelekea nyota kitandani. Hiyo ndiyo faraja niliyobaki nayo, ndugu zangu."

Watu wote walinigeukia. Mama mmoja akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, ulimuuguza vizuri." Nilitazama mkeka. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema.

Wiki mbili zilipita. Nilijaribu mara tatu kwa siri, nikakata uzi kwa meno kwa hasira. Kwenye mfuko wa mama zilikuwa zimebaki nyota mbili. Jumamosi moja mchana nilichukua moja nikampelekea mama mdogo, aliyekuwa jikoni akikoroga uji wa muhogo.

"Shikamoo, mama mdogo. Nyota ya mama hii hapa. Nimemaliza."

"Marahaba." Alifuta mikono kwenye khanga, akaipokea, akaipeleka mlangoni penye mwanga. "Umeifuma wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono gani?"

"Huu wa kulia."

Alipunguza moto. Kisha akakaa kwenye kigoda na kunivuta karibu.

"Koku, angalia. Anayefuma kwa mkono wa kulia anazunguka huku. Wa kushoto anazunguka kule. Upande wa mbele wa nyota unaonyesha wazi, kama kitambaa kilichoshonwa nje-ndani. Nyota hii ni ya mkono wa kushoto."

Sikufikiria habari ya kukamatwa. Nilifikiria kidole gumba cha mama kikipita ukingoni polepole, siku kumi na moja.

"Mtu akiishika bila kuitazama," niliuliza, "anaweza kujua?"

"Mie labda nisingejua. Aliyeifuma angejua hata akiwa amefumba macho."

Nilianza kulia. Mama mdogo hakuninyamazisha.

"Nilikuja kumwona mwezi wa tisa," alisema. "Alinionyesha zile zilizokuwa chini ya mto. Akaniambia, 'Koku ananiletea nyota zangu mwenyewe.' Nikamwambia, dada, mwite umseme. Akakataa. Akasema, 'Nikimsema atalia tu. Nataka aje mwenyewe aniambie. Namsubiri.'"

"Alisubiri mpaka lini?"

Mama mdogo alitazama sufuria. Aliukoroga uji mara mbili.

"Na wewe ulijua siku zote hizi," nilisema. "Hata siku ya jumuiya."

"Nilijua. Nilitaka nikusubiri na mie, nifanye kama yeye. Lakini nimeona kusubiri kulikomfikisha dada yangu. Kwa hiyo nimekuuliza."

Jioni ile baba alipofika, kabla hajavua viatu, nilimwambia yote. Nilimwambia habari za mfuko, za rede, na za kazi ya shule ambayo haikuwepo. Alikaa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Uso wake ulibadilika, na nilijua nimemnyang'anya ile faraja yake. Aliingia chumbani akafunga mlango. Chakula chake kilipoa mezani.

Asubuhi alitoka akaniambia maneno machache. "Nyota ya mama yako utaifuma wewe. Yustina atakaa nawe. Na mbele ya jumuiya utasema mwenyewe."

Zilibaki siku kumi na moja. Mama mdogo anajua kufuma, ila si fundi kama dada yake, na hana subira ya maneno. Alikaa ubavuni kwangu, maana yeye ni wa kulia, na kila nilipokosea alisema neno moja tu.

"Fumua."

"Mama mdogo, nimekosea kitanzi kimoja tu."

"Na ukiacha kimoja, kesho nyota nzima itapinda shingo kama kuku mgonjwa. Fumua."

Nilifumua mara tisa, kumi, kumi na mbili. Kidole changu cha shahada kilipata sugu. Hope alikuja na mpira wake, akasimama, akaniona, akakaa mkekani. Baadaye akaanza kunishikia uzi usijifunge.

Siku ya nne mikono yangu ilielewa. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Halikuwa jambo gumu kama nilivyodhani. Kama ningekaa siku nne tu kwenye ukingo wa kitanda kile, mama angeniona nikifuma.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, wanaume walikwenda kwa Mzee Mwinshehe, jirani yetu mwenye mivinje mitatu nyuma ya nyumba. Yeye ni Mwislamu, na kila mwaka huwapa jumuiya tawi moja.

"Moja tu," aliwaambia kama kawaida yake. "Mwaka jana mmekata moja, mkaondoka na kivuli chote." Kisha akamshika baba mkono na kusema kwa sauti ya chini, "Pole tena, Adelard. Mwaka huu chagueni zuri."

Tawi lilisimamishwa kanisani ndani ya ndoo ya mchanga, pembeni ya altare. Nyota za zamani zilitundikwa kwanza, nyumba moja baada ya nyingine. Mzee Gaspar aliponiita, nilisimama na nyota yangu kiganjani. Ilikuwa imekakamaa vizuri, lakini mkono wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine.

"Hii nimeifuma mimi," nilisema. "Zile nilizompelekea mama akiwa mgonjwa sikuzifuma. Zilikuwa zake. Nilimdanganya siku kumi na moja, na nikawaacha na nyie mnisifu. Naomba mnisamehe."

Yule mama aliyenibariki siku ile aliinamisha kichwa. Mzee Gaspar alisema, "Tumesikia, binti," akaniachia nafasi nipite.

Sikufika kwenye mti. Nilisimama katikati ya njia. Baba alikuja akapiga goti mbele yangu.

"Baba, mama alikufa bila kunipa radhi," nilisema.

"Mama yako hakuwa na kinyongo na wewe. Hilo nalijua, nililala naye chumba kimoja mpaka siku aliyopelekwa hospitali. Lakini sitakudanganya kwamba hakuumia. Aliumia, Koku, na alikupenda. Vyote viwili ni kweli, na utaishi navyo vyote viwili." Alinifuta uso kwa kiganja. "Sikiliza, na nyie watoto wengine sikilizeni. Radhi haiwekwi akiba. Ukimkosea mtu, mwendee siku hiyo hiyo, akiwa anakusikia. Usiseme kesho, kwa sababu funguo za kesho hatujapewa. Na kazi uliyopewa, ifanye kwa mikono yako, hata ikitoka mbaya. Kazi mbaya ya mtoto, mzazi anaipokea. Uongo mzuri anaupokea pia, lakini unamkata ndani."

Alinyanyuka akaninyanyua. Alinibeba kama nilipokuwa mdogo, ingawa nilikuwa mzito, nami nikafunga uzi wa nyota kwenye tawi la juu. Fundo la kwanza halikushika. Nilifungua, nikafunga upya. Nyuma yetu wanakwaya walikuwa wamesimama tayari kwa mazoezi, lakini hakuna aliyeanzisha wimbo mpaka baba aliponiteremsha.