Nyumba Niliyoiandika Tupu

Mwaka 1948 Serikali ilitaka kujua tuko wangapi. Ya nini, haikusema. Mimi, Mika, karani wa muda, nilipewa wino, daftari na mafunzo ya siku mbili. Kila mtu aandikwe alikolala, awe mwenyeji au mpita njia. Nyumba isiyo na mtu, andika TUPU, uende zako. "Karani habishani na nyumba," mkufunzi alisema, tukacheka.

Jioni moja nilikuwa nimebakiza nyumba moja tu, kando ya njia ya Kitandililo. Baada ya hapo nipeleke makaratasi Makambako, kisha nirudi Njombe. Nyumbani kwetu Mjimwema, huko huko Njombe, mke wangu Tabea alikuwa na mtoto wa siku sita, hata jina bado.

Ukungu ukashuka. Nikawa nasukuma baiskeli.

Hodi.

"Karibu, karani."

Sikuwa nimesema kwamba mimi ni karani.

Ndani alikuwamo mama mmoja, na chungu motoni. Palinuka udongo mbichi, ule wa kuchimbwa chini sana.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Kaa uote moto, mwanangu."

Nikafungua daftari. "Waliolala hapa wangapi?"

"Mmoja."

"Jina?"

Akacheka kidogo. "Hilo ndilo la kuamua leo."

Kisha akanong'ona. "Na mimi nilikuwa mpita njia. Nimetoka Mawengi, ukungu ukanipoteza, nikapiga hodi. Aliyekuwa hapa akaniachia moto, akaenda. Nyumba hii haikai bila mtu. Mmoja."

Nikasimama. "Ahsante, mama. Nitapita kesho."

"Utaondokaje hujasindikizwa?"

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njiani. Kujiondokea tu ni matusi. Nilichagua matusi.

Hatua mia. Mia mbili. Ukungu... halafu mwanga mdogo. Mlango ule ule.

"Karibu, karani."

Nikatupa baiskeli, nikakimbia. Nikakimbia mpaka kifua kikauma. Kilichonipokea kwanza ni harufu.

Udongo.

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mama alikuwa amelifungua daftari na kuichovya kalamu.

"Nimechoka, mwanangu. Andika jina lako."

Nikaishika kalamu. Nikamfikiria mtoto asiye na jina. Ndipo nikaikumbuka kanuni. Sijapata kuipenda Serikali kama dakika ile.

Nikaandika: TUPU.

Moto ukazimika ghafla. Gizani, karibu kabisa na sikio langu...

"Na mimi je, karani?"

Nilivyofika Makambako sijui. Karani mwenzangu aliyenizidi cheo, Yoramu, akalitazama karatasi.

"Tupu? Juzi nimekula viazi hapo, kwa mama Telesia, yule wa Mawengi!"

Asubuhi tukarudi wawili. Nyumba haikuwa na paa. Majani yalikuwa yameota hadi jikoni. Lakini chungu kilikuwa juu ya mafiga. Yoramu akakigusa, akarudisha mkono upesi.

Kilikuwa cha moto.

Niliomba kusahihisha. Bwana mkubwa wa hesabu akanijibu bila kuinua uso: karatasi likishapigwa muhuri, limepigwa. Kama kuna mtu amesahaulika, asubiri hesabu nyingine.

Siku iliyofuata, jioni, nikafika Mjimwema. Ukungu tena. Tabea akanipokea mlangoni, mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Sema taratibu, baba. Kapakatwa na mgeni, mama mmoja wa Mawengi. Maskini, kachoka! Kapiga hodi, nikamkaribisha."

"Anaitwa nani?"

"Nimemwuliza, kasema hana jina. Akaniuliza la mtoto. Nikamwambia naye bado hana."

Kutoka jikoni ikaja harufu ya udongo mbichi.

"Karibu, karani."