Nafasi ya Zuhura

Chini ya nyasi za kila kiwanja cha Tabora, mwaka ule wa 2094, zilifukiwa punje za chuma ndogo kama ulezi. Punje hizo zilisikia miguu. Ukiruka zilijua, ukikaa kitako zilijua pia. Habari zote zilikwenda barazani, kwenye mtambo ambao watu waliuita Hesabunyayo, nao ndio uliosema kiwanja gani kipewe maji na taa, na kipi kifungwe kiwe kituo cha magari ya angani.

Sheria ya mtambo huo aliitunga Nyanzala Kapaya, mchambuzi wa sera za michezo. Usimcheke. Kabla ya hapo viwanja vilikuwa vikiliwa na wakubwa kimoja baada ya kingine, na mtambo hauna shemeji wala mjomba. Sentensi aliyojivunia ilikuwa fupi: timu zikicheza pungufu miezi sita mfululizo, kiwanja kifungwe.

Jumatano moja mtambo ukatoa jina la kiwanja: Kwa Kabanda, mpira wa pete, wanawake. Wachezaji kumi badala ya kumi na wanne, miezi sita kamili. Ilibaki saini ya Nyanzala tu, kabla ya saa kumi jioni.

Siku zote alisaini bila kunyanyuka kitini. Safari hii jambo moja katika taarifa lilimkwaza. Mara thelathini na moja mpira ulikuwa umeachwa udondoke mahali palepale, hakuna aliyeufuata. Mtambo uliandika: uzembe. Lakini Nyanzala naye aliwahi kucheza. Mchezaji mzembe huzembea kiwanja kizima, hachagui kona.

Akaenda. Nje ya mstari vibarua-chuma walishajipanga, majembe yamekunjwa vifuani, wakingoja neno lake. Ndani wanawake walikuwa wakicheza watano kwa watano. Nahodha wao, Siwema, muuza maandazi, akamwona.

"Bibie wa baraza! Umekuja kututazama au kutufukua?"

"Nimekuja kuuliza, dada. Mbona mko watano?"

"Tuko saba. Wewe ndiye huoni."

Akamwonyesha mlingoti wa goli. Vizibao viwili vilikuwa vimefungwa pale, vimepauka kwa jua.

"Huyu Zuhura, yule Mama Kalunde. Homa ya masika iliwabeba wiki moja. Kwetu nafasi ya marehemu haijazwi mpaka mwaka uishe. Mpira ukiangukia kwake unaachwa. Ni wake."

"Na wapinzani wenu?"

"Nao hutoa wawili. Utachezaje na mfiwa huku umemzidi watu?"

"Na bado tunawafunga!" mpinzani mmoja akadakia.

"Labda ndotoni!" Wakacheka, kisha wote wakatazama vile vizibao, kicheko kikakatika.

Nyanzala akauliza polepole, "Mbona hamkusema barazani?"

"Tumwambie nani, mama? Tulipiga simu, ikaitika mashine. Wachezaji wangapi? Tukasema saba. Ikajibu tunadanganya."

Saa kumi kasorobo. Nyanzala akafungua kibao chake cha mkononi, akagusa neno *Kataa*. Kibao kikauliza sababu, kikaorodhesha nane: mvua, ukarabati, na nyingine za namna hiyo. Msiba haukuwemo. Orodha hiyo aliiandika yeye mwenyewe. Basi akaifuta ile sentensi yake fupi, yote, akatia saini hapo. Vibarua-chuma wakageuka, wakaondoka mmoja mmoja kama watu walioambiwa leo hakuna kazi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nyanzala hakupiga. Kibaoni ilikuwa imejitokeza orodha nyingine, ya viwanja vilivyokwisha kufungwa kwa sentensi ile. Kumi na tisa. Hakuwahi kukanyaga hata kimoja.

Akasogea pembeni, akatafuta namba ya nahodha wa kile cha kwanza. Ikaitika sauti ya mwanamume, nyuma yake magari ya angani yakinguruma.

"Samahani, kaka. Naitwa Nyanzala, wa baraza. Kabla hatujawafungia kiwanja, timu yenu ilikuwa pungufu. Mlikuwa mmemwachia mtu nafasi?"

Gari moja likapaa, jingine likatua.

"Miaka sita," yule mtu akasema. "Leo ndiyo mnauliza?"

"Leo ndiyo nauliza."

"Basi shika kalamu," akasema, na akaanza kutaja majina.