Nilitunga Maswali, Shemeji Yake Akapewa Kiti

Nina miaka arobaini na saba, watoto watatu, na shahada ya usimamizi wa watu. Ndiyo, kusimamia watu! Hata hivyo nilichezewa kama mtoto... na rafiki niliyemsimamia harusi yake.

Mwaka 2013 nilikuwa afisa wa wafanyakazi katika ofisi moja ya serikali kule Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Mabaraza ya zamani yalikuwa yakivunjwa, kaunti zinaingia, na kila mtu anatafuta kiti. Mimi nilitaka kimoja tu: ukurugenzi wa wafanyakazi. Kazi yenyewe nilikuwa nimeifanya miaka mingi bila cheo. Mke wangu alishaanza kuniita Mkurugenzi, hata akiniita kula.

Rafiki yangu Lokwang ndiye aliyepewa kusimamia uajiri. Akanijia ofisini.

"Ejok, kichwa! Hapa hakuna mtu anajua hii kazi kama wewe. Tutungie maswali ya mahojiano. Na majibu pia."

Nani hapendi sifa? Nilijifungia wiki nzima nikiyapamba majibu yale kama bibi harusi. Nilijiona mtu wa maana sana...

Siku ya mahojiano nilifika nimefunga tai, katika joto lile! Lokwang akanizuia mlangoni.

"Unaenda wapi, ndugu yangu? Mtu hawezi kutunga mtihani halafu aufanye yeye mwenyewe. Si wewe ndiye unajua sheria?"

Kibaya zaidi, alisema kweli.

Madirisha yalikuwa wazi. Nikamsikia shemeji yake, muuza vitanda, akijibu. Yalikuwa maneno yangu, moja baada ya jingine, hata mzaha niliouchomeka kwenye jibu la nidhamu! Wahojaji wakacheka. Nilizunguka nyuma ya tangi la maji, nikatapika.

Kiti akapewa yeye. Nilipolalamika, nikahamishiwa Kakuma, mbali na nyumbani. Familia ikabaki Lodwar. Kwenye simu mke wangu siku hizi ananiita Baba Ekiru tu, taratibu, kama anayesema na mgonjwa.

Juzi Lokwang alipita Kakuma kikazi. Akaninyooshea mkono mbele ya wafanyakazi wote.

"Bado umekasirika, kichwa?"

Niliutazama mkono ule laini, ukaning'inia hewani mpaka akauficha mfukoni.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Mtu akiusifu ujuzi wako na kukuomba kazi ya bure, muulize kwanza nani atakikalia kiti. Aibu ya kuuliza inapita. Hii yangu naamka nayo kila siku.